Usichomoe diski ingali na kazi

Tukipita kambini kurekodi matangazo ya kutafuta ndugu waliopotezana, mama wengi wananiuliza: “Sauti yangu mtaiweka wapi isipotee?” Inakaa kwenye diski ndogo iliyounganishwa na kompyuta. Hatari inakuja wakati wa kuichomoa.

Kompyuta yetu inatumia Linux. Kabla ya kuchomoa, tunaandika umount ili diski iachiliwe. Mara nyingine inakataa, inasema diski ingali na kazi. Maana yake kuna programu iliyofungua faili ndani yake. Hata dirisha la amri lililosimama kwenye folda yake linatosha kuizuia. Tena, Linux inaweka maandishi kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha inayapeleka kwenye diski. Ukichomoa kwa nguvu, tangazo la mama anayetafuta mtoto linaweza kukatika pale anapotaja jina la kijiji.

Kwa hiyo naanza kwa kuuliza ni nani anayeitumia. Kama diski iko /media/sauti, naandika fuser -vm /media/sauti. Inanionyesha programu, namba yake na mtumiaji. Mara nyingi ni mwenzangu anayekata sauti, namwambia, “Ndugu, hifadhi kazi yako, funga.” Yanaisha hapo.

Programu ikiwa imeganda, naandika kill pamoja na namba yake. Hiyo inatuma ishara ya 15, yaani kuiomba imalize kwa utaratibu. Ishara ya 9 inaua papo hapo, bila nafasi ya kuhifadhi kitu. Wengi wanapenda fuser -km kwa sababu ni ya haraka, lakini yenyewe inatuma 9 kwa kila programu iliyo kwenye diski. Na kama diski haikuunganishwa mahali ulipopataja, inaweza kuua programu za kompyuta nzima. Atakayeitumia aongeze -M, inayohakikisha kwanza kwamba hapo pana diski kweli, na -TERM, ili itume ishara ya 15 ya kuomba badala ya 9.

Umount ikikubali, ndipo tunachomoa.

Basi mkituona tumesimama kando ya kompyuta huku jenereta inanguruma na mafuta yanaisha, msidhani tunawachelewesha. Tunangoja sauti zenu zifike zote. Mtoto anayetafutwa anatambulika kwa maneno machache tu, na hatutaki hata moja lipotee.