Njia Mbili za Kwenda Garsen

Kazi yangu ni ngumu kumweleza mama. Huwaambia majirani kule Garsen kwamba mwanawe "anatengeneza kompyuta Nairobi", na mimi huwa simsahihishi. Ukweli ni kwamba nalinda makabati. Kwenye chumba kimoja baridi kama friji kuna makabati yaliyojaa diski, na ndani ya diski hizo mna mishahara na rekodi za watu ambao hawatawahi kujua chumba hicho kipo.

Diski peke yake haina akili. Inayoisimamia ni kontrola: inapokea data, inaamua iandikwe wapi, na inaitafuta ikiulizwa. Kontrola ikifa, diski zote zinaweza kuwa salama na bado usipate kitu. Ndiyo maana huwekwa mbili, zikiwa zimeunganishwa na diski zilezile na zikijuliana hali kila mara. Moja ikinyamaza, ile nyingine inashika usukani, na mteja ataona tu ukurasa umekawia kidogo.

Watu wengi huishia hapo: ziko mbili, basi tuko sawa. Kumbe kuna maswali matatu bado. Je, hizo mbili zinategemea kitu kimoja? Je, ya pili inajua ya kwanza ilikuwa imeshika nini mkononi? Na je, ina nafasi ya kubeba mzigo wa zote mbili?

Swali la kwanza nililielewa vizuri Novemba 2023, na sikuwa kazini.

Sisi ni wawili, mimi na dada yangu, wote tuko Nairobi. Tulijiona tumejipanga: akikosa yeye kwenda kumwona mama, naenda mimi. Hata njia zilikuwa mbili, ya Mombasa na Malindi, au ya Garissa na Hola. Halafu mvua za El Niño zikaja. Upande wa Garissa, Mto Tana ukafunika barabara maeneo ya Madogo. Upande wa Pwani, maji yakakata barabara ya Mombasa–Malindi pale Mbogolo. Njia mbili, watoto wawili, mvua moja. Kazini ni kama kuchomeka nyaya mbili za umeme kwenye soketi moja, halafu ujisifu una akiba.

Mama alikuwa amehamia sehemu ya juu kando ya barabara pamoja na wanakijiji wengine. Dawa zake za presha zilibaki kwenye nyumba iliyojaa maji. Mjini zilipatikana, ila majina na vipimo alivijua dada peke yake, na dada ni nesi. Siku hiyo alikuwa theatre, simu imezimwa. Tulisubiri karibu saa nne. Hapo ndipo swali la pili lilipo. Kontrola nzuri haimwambii mteja "nimepokea" mpaka nakala ya data ifike pia kwenye kumbukumbu ya mwenzake. Bila hivyo, mrithi anaamka asubuhi na ofisi tupu.

Aliyeenda kununua dawa ni jirani yetu, mama mmoja Muorma anayetuuzia maziwa. Sisi ni Wapokomo. Nalitaja hilo kwa sababu mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye mapigano ya Tana Delta kati ya jamii hizi zetu mbili. Siasa ilikuwemo na ardhi ilikuwemo, na katikati ya yote kulikuwa na mto.

Huko nyumbani tuna neno malka, yaani njia ya mifugo kufikia maji, inayopita kati ya mashamba. Malka moja ikizibwa na shamba, ng'ombe hawaachi kuwa na kiu. Wanasukumwa kwenye malka inayofuata, ambayo tayari ina ng'ombe wake, na wakibanana wanamwagika kwenye mahindi ya mtu. Hili ndilo swali la tatu. Kontrola mbili zikiwa kila moja imejaa asilimia 70, moja ikifa, nyingine haiwezi kubeba 140. Inalemewa, nayo inaanguka. Ukitaka akiba ya kweli, kila moja isizidi nusu siku za kawaida, na hiyo nusu tupu ndiyo mabosi hawapendi kuilipia. Wanaiona kama hasara.

Tangu mwaka ule karatasi ya dawa za mama iko kwenye nyumba tatu, na dawa za mwezi mmoja zinakaa kwa jirani, mahali pa juu. Nilipompigia kumshukuru alicheka tu, akaniuliza maji yameshuka Nairobi. Lakini yule mama ana watoto watano na mzee wake hajiwezi. Tumemfanya kontrola ya pili ya familia yetu bila kuuliza amejaa asilimia ngapi.

Mama ndiye aliyelisema, wala hajawahi kuona kabati la diski maishani. "Sawa mwanangu, mimi niko naye. Na yeye akiugua, aje nani?"

Dada anazungumzia kuomba uhamisho Malindi. Mimi nimeanza kumtumia jirani pesa kidogo kila mwezi, na kila mwezi hunirudishia nusu.