Maandalio ya Safari ya Jangwani

Wahenga walisema, msafiri masikini ajapokuwa sultani. Maneno haya ni kweli katika kila safari, lakini hayaonekani waziwazi mahali popote kama jangwani, ambako tajiri asiye na maji ni sawa na fukara. Sisi wa nyumba moja ya Dar es Salaam, watu saba kwa jumla, tunajitayarisha kwenda Namibia mwezi wa Juni, inshallah. Tumeona yafaa kuwaeleza ndugu wasomaji jinsi tulivyoshauriana, huenda nyumba nyingine zikapata faida.

Labda msomaji atauliza: kwa nini Namibia, na hali kwetu ziko Serengeti na Ngorongoro? Sababu ni baba yetu. Mwaka 1964, alipokuwa kijana wa miaka 16, marehemu babu alikuwa na duka dogo Kongwa, na mwaka huo ndipo wapigania uhuru wa nchi za kusini walipopewa kambi mahali hapo. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa SWAPO. Baba akiwauzia sukari na sabuni, nao wakimhadithia habari za kwao: nchi ya mchanga mwekundu, wanyama wengi na mvua haba. Baadhi yao aliwaona wakiondoka, wala hakuwaona tena. Tarehe 26 Agosti 1966 wapiganaji waliotoka katika kambi ile walipambana na majeshi ya Afrika Kusini huko Omugulugwombashe, na vita vikaendelea miaka mingi hata nchi ikapata uhuru wake tarehe 21 Machi 1990. Tangu siku hiyo baba amekuwa akisema angependa kuiona nchi ya wale vijana kwa macho yake. Leo ana miaka 78, na ana maradhi ya kisukari. Hija ameshatimiza, deni hadaiwi. Basi tukaona hatuna udhuru wa kuzidi kungoja.

Vijana wetu ndio waliotangulia kuandika ratiba. Katika siku 14 walitaka tuione Etosha, tushuke jangwa la Namib, kisha tuvuke mpaka kuingia Botswana tukaone Kalahari na maji ya Okavango. Ramani ikatandazwa juu ya mkeka, na kila mtu akapendezwa. Lakini Namibia ni nchi ya takribani kilomita za mraba 825,000, na watu wake hawazidi sana milioni 3. Toka mji hata mji mtu aweza kwenda masaa kadhaa asione nyumba. Mke wa ndugu yetu, ambaye ni muuguzi, akauliza swali moja tu: "Baba aweza kukaa garini masaa mangapi kwa siku?" Hakuna aliyejibu.

Baba ndiye aliyeuvunja ukimya ule. Akasema, "Nendeni ninyi wenye nguvu, mniletee habari. Sitaki kuwaharibia watoto matembezi yao." Alisema kwa upole, wala hapakuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Ndipo mama yetu aliposema neno ambalo hatutalisahau. Alitukumbusha ya kuwa imamu ameamrishwa asiirefushe sala kwa watu, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja. "Ikiwa ibada yenyewe hupimwa kwa aliye dhaifu," akasema, "sembuse matembezi?" Mjukuu mkubwa, ambaye ndiye aliyeitamani sana Okavango na aliyekuwa akiweka akiba yake kwa ajili hiyo, akaukunja upande wa ramani wenye Botswana. Hakusema kitu, lakini tuliona kuwa lilikuwa jambo zito kwake, na tukamwombea kheri.

Basi safari ikabaki ya nguzo mbili. Ya kwanza ni Etosha, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1907, yenye uwanda wa chumvi wa kilomita za mraba zipatazo 4,800. Wakati wa kiangazi, toka Mei hata Oktoba, majani huwa makavu na maji ni machache, hivyo tembo, simba, choroa na faru weusi huja wenyewe penye visima. Katika kambi ya Okaukuejo kiko kisima chenye taa usiku, ambapo mzee aweza kuketi kitini akawatazama wanyama bila kupanda gari. Kutoka Windhoek mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 400 za lami, nasi tutazigawa kwa siku mbili, tukilala Otjiwarongo.

Nguzo ya pili ni Sossusvlei, katika Namib, jangwa linalohesabiwa kuwa miongoni mwa majangwa ya kale kabisa duniani. Njia ya huko ni zaidi ya kilomita 300 toka Windhoek, na sehemu kubwa ni changarawe, ambayo humpindua dereva mwenye haraka. Tumekata shauri kuchukua matairi mawili ya akiba, kutia petroli kila tupatapo kituo, na kutoendesha baada ya jua kutua. Kilomita 5 za mwisho ni mchanga mtupu, nazo zataka gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne.

Maji tumeyapigia hesabu peke yake. Lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa watu saba ni lita 35. Nasi hatutaondoka mjini bila akiba ya siku tatu, yaani lita 105. Dawa ya sindano ya baba itatiwa katika mfuko maalumu, isiharibiwe na joto la mchana wala isigande usiku, maana mwezi wa Juni huko ni kipupwe, na baridi ya jangwani yaweza kukaribia kuganda. Kwa ajili ya malaria ya upande wa kaskazini tutamwona daktari mapema.

Hesabu hii ya maji isidhaniwe kuwa woga. Karibu na njia yetu ya Etosha uko mlima Waterberg. Baada ya vita vya hapo, Agosti 1904, jeshi la Wajerumani chini ya Lothar von Trotha liliwasukuma Waherero katika jangwa la Omaheke, likavilinda visima wasivifikie, na maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, wakafa kwa kiu. Mtu huyo alikuwa amekwisha tumikia jeshi la Wajerumani hapa kwetu kabla ya hapo. Tutasimama karibu na mlima ule tuwaeleze watoto, ili wajue ya kuwa jangwa si uwanja wa michezo tu.

Ama habari ya ibada, dini yetu ni nyepesi kwa msafiri. Tutapunguza sala, na pakiwa na khofu ya kiu, tutatayamamu kwa mchanga safi na kuyaweka maji kwa ajili ya kunywa. Hapa Dar es Salaam tunaelekea kaskazini tunaposali; huko kibla kitapinda kuelekea mashariki kidogo. Na kwa kuwa nyama nyingi za hotelini ni za mawindo tusiyojua yalivyochinjwa, tutategemea mchele, maharage, samaki na tende.

Enyi vijana mnaopenda kusafiri, tamaa yenu ni njema, kwani Mwenyezi Mungu ametuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia. Lakini kabla hamjauliza mtaona nini, ulizeni kwanza nani yumo katika msafara wenu, na ni mwendo gani anaouweza. Okavango haiondoki mahali pake. Wazee wetu, hatujui tutakuwa nao hata lini.

Wabillahi taufiq.