Mlango wa Babu na Tundu la Paka

Najua wengi wenu mnapolifungua jarida hili hutafuta kwanza habari za safari, michezo na mitihani. Mimi safari sina. Nilipoombwa kuandika juu ya jambo lililonifunza kitu maishani, nilikuna kichwa siku mbili nzima, kisha nikaona niwasimulie jinsi nilivyotoboa mlango. Msicheke. Nitegeeni sikio.

Kwetu ni Githongo, huku Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Anayepajua mahali hapa anayajua mashamba ya majani chai, na anaujua ukungu wa Julai na Agosti ambao wakati mwingine hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nyuma ya jiko la nyanya yangu pana ghala dogo la mbao. Humo ndimo tunamoweka mahindi, maharagwe na viazi. Mlango wa ghala hilo aliutengeneza marehemu babu kwa mikono yake mwenyewe, kabla mimi sijazaliwa. Ni wa mbao za muuru, mti ambao wauza mbao huuita Meru oki na wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis. Jina hilo la pili linatokana na Kenya yetu, kwa maana mti huu asili yake ni misitu ya huku kwetu mlimani.

Babu alifariki nilipokuwa darasa la nne. Vitu vilivyobaki vyenye alama ya mikono yake ni viwili tu: kigoda cha jikoni na mlango huo. Jioni nyanya akiufunga, huupapasa kidogo kwa kiganja kabla ya kutia kufuli. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe!

Sasa wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Kwetu paka hakuondoka, alifungiwa nje. Ghala lilikuwa lazima lifungwe usiku kwa sababu ya wezi wa mahindi, nao hawakosekani wakati wa mavuno. Paka wetu, Sufi, alikuwa akilala nje ya mlango akisikiliza panya wakicheza ngoma ndani. Tulipojaribu kumfungia ndani alichafua mahindi, nyanya akakasirika mno. Basi ikawa mimi, kila nikija likizo, ndiye bawabu wa paka. Saa nne usiku namfungulia aingie, saa nane naamka kumtoa. Asubuhi macho mekundu, na vitabu vya kudurusu vinaningoja mezani. Nikirudi shuleni, kazi hiyo haikuwa na mwenyewe, na panya walijua.

Siku moja nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Panya mkubwa wa nyumbani hula karibu gramu 20 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa siku 365, unapata kilo 7.3. Panya kumi ni kilo 73, na gunia la mahindi ni kilo 90. Hapo sijahesabu wanayoyachafua kwa mkojo na kinyesi. Tena panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu! Nilimwonyesha baba karatasi ile. Akaitazama, akasema neno moja tu.

"Sumu."

Jikoni kukawa kimya. Sumu tulikuwa tumeiweka mwaka uliotangulia. Panya kadhaa walikufa, ni kweli. Lakini paka wetu wa kwanza, aliyeitwa Doa, alimla panya aliyekwisha kula sumu hiyo. Tulimkuta chini ya mikahawa akitokwa damu puani. Mimi ndiye niliyemzika. Na safari hii palikuwa na jambo kubwa zaidi ya paka: mtoto wa shangazi, aliyekuwa ameanza kutambaa, na kila anachookota hukitia kinywani.

"Sumu haitaingia katika ghala langu tena," nyanya akasema.

"Mama, basi mwaka huu tutakula nini?" baba akauliza. "Hawa panya wanatumaliza. Nawapa wiki moja. Mkikosa njia nyingine, nitainunua."

Wiki moja! Usiku ule sikupata usingizi. Nikakumbuka habari niliyoisoma maktabani, kwamba katika kanisa kuu la mji wa Exeter huko Uingereza kuna mlango wa kale wenye tundu la mviringo sehemu ya chini, lililokatwa kwa ajili ya paka wa askofu. Hesabu za kanisa hilo zinaonyesha kwamba mwaka 1598 maseremala walilipwa peni 8 kwa kazi hiyo. Hata kabla ya hapo, mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikwisha kutaja katika kisa chake kimoja tundu la chini ambalo paka alizoea kupitia. Watu husema pia kwamba Isaac Newton ndiye aliyebuni kilango cha paka, lakini Newton alizaliwa zaidi ya miaka 200 baada ya Chaucer kufa. Mnaona wenyewe kwamba hesabu hiyo haiingii.

Nikajiambia, ikiwa askofu alikubali mlango wa kanisa utobolewe, sembuse ghala la Githongo?

Asubuhi nikamwendea nyanya akipepeta maharagwe. Nikamweleza yote, tena kwa bashasha kubwa. Aliacha kupepeta. Akaweka ungo chini.

"Unataka kuukata mlango wa mzee?"

"Tundu dogo tu, nyanya. Chini kabisa."

"Si ungetoboa ukuta?"

Ukuta nilikuwa nimeuangalia. Ule wa nyuma umeegemeana na kilima, na kuta za kando zina magunia kutoka chini hadi juu. Mlango ndio uliokuwa mahali pa pekee. Nilipomwambia hivyo, nyanya hakujibu. Aliinuka akaingia jikoni, na siku hiyo hakusema nami tena. Niliona aibu. Nilikuwa nimepima panya, nimepima mahindi, lakini kitu alichokiona nyanya katika mlango ule sikuwa nimekipima.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, usiku, nilimkuta nyanya amesimama nje ya ghala na taa ya chemni mkononi. Ndani panya walikuwa wakikimbizana. Sufi alikuwa amekaa mlangoni, ameweka pua kwenye upenyo, mkia ukitikisika.

"Babu yako alipokuwa akiutengeneza mlango huu," nyanya akasema bila kugeuka, "aliniambia, sasa chakula chako kitakuwa salama. Ndivyo alivyosema. Sasa ona. Mlango unaomfungia mlinzi nje unawalinda wezi." Akanyamaza kidogo. "Kata. Lakini kipande utakachokitoa usikitupe."

Kesho yake nikateremka mpaka sokoni kwa fundi seremala mmoja. "Muga, fundi," nikamwamkia. Alicheka sana aliposikia shida yangu, lakini aliniazima kekee, msumeno mwembamba na patasi. Akanionya: kwanza mpime paka, halafu mlango.

Basi nikampima Sufi. Jamani, kumpima paka si mchezo! Alinikwaruza mkono mara mbili. Nikapata vipimo: tundu liwe na upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 18, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 12 kutoka ardhini, ili paka aruke hatua ndogo tu na maji ya mvua yasiingie. Baba alikuja kuangalia, akauliza swali la maana: mwizi je, hataingiza mkono? Tukasogeza magunia mbali na mlango, zaidi ya urefu wa mkono wa mtu mzima, tukayainua juu ya mbao. Hilo lilitufaa kwa njia nyingine pia, kwa sababu mahindi yakilala kwenye unyevu huota sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika nchi yetu, wengi wao upande wa Makueni na Kitui.

Nikapiga moyo konde. Nilitoboa pembe nne kwa kekee, nikapenyeza msumeno, nikaanza kukata. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda cha babu, nyuma yangu, haneni lolote. Nje mlango ulikuwa mweusi kwa moshi na miaka, lakini ndani mbao ilikuwa na rangi mpya kabisa, kama kwamba babu alikuwa ameipiga randa jana. Unga wa mbao ulianguka chini. Nilipomaliza nikageuka kutafuta ufagio, nikamwona nyanya amekwisha kuinama. Alikuwa anauzoa ule unga kwa mikono, anautia katika ncha ya leso yake, akaifunga fundo. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya vumbi limeniingia jichoni.

Kipande nilichokitoa nilikipeleka kwa fundi. Kilikuwa kizito mno kwa paka kukisukuma. Fundi akakipiga randa upande wa ndani mpaka kikawa chembamba. Upande wa nje, ule aliouchonga babu, hakuugusa, kwa maana ndivyo alivyoagiza nyanya. Nikakata vipande viwili vya tyubu kuukuu la baiskeli, nikavipigilia misumari midogo, na kipande kile kikaning'inia pale pale kilipotoka. Ukisimama mbali huoni kwamba mlango umekatwa.

Sufi hakufurahishwa. Alikinusa kilango, akaenda zake. Nikakiinua kwa kamba, nikaweka omena ndani. Akaingia. Kesho yake nikakishusha nusu. Siku ya tatu nikakiachilia kabisa, akakisukuma kwa kichwa, akapita huku kilango kikimgonga mgongo. Tulipiga makofi sote, hata baba. Siku ya wiki aliyotupa ilikuwa imefika, na duka la sumu hakwenda.

Lakini wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Usiku uliofuata ukungu ulishuka mzito, mbao ikavimba, kilango kikakwama. Alfajiri tulimsikia Sufi analia ndani kama mtoto. Kufungua, akatupita kama risasi! Nilidhani nyanya ataniambia, "Unaona sasa?" Badala yake alisema, "Babu yako pia mlango huu ulimkwama mwaka wa kwanza. Aliupunguza kandokando, akaupaka nta." Basi nami nikakipunguza kandokando kwa msasa, nikakipaka nta ya mshumaa. Tangu siku hiyo hakijakwama tena.

Matokeo? Wiki ya kwanza Sufi alituwekea panya wanne mlangoni pa jiko, wamepangwa kwa mstari. Sitawadanganya kwamba panya wamekwisha, panya hawaishi. Lakini ngoma za usiku zilizimika, na mwezi wa kumi na mbili nyanya alikuwa bado na mahindi ya kupika githeri kwa wageni wa Krismasi. Mtoto wa shangazi anatembea sasa, na mchezo wake mkubwa ni kuchungulia katika kilango akimwita paka.

Nimesoma baadaye kwamba huko kisiwani Saiprasi, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka karibu miaka 9,500 iliyopita. Wataalamu husema watu walipoanza kuweka nafaka ghalani panya walikuja, na paka wakawafuata panya. Kwa hiyo mkataba wetu na paka ni wa zamani, na ulianzia ghalani. Sisi tulikuwa tumeuvunja kwa kufuli, bila kujua.

Wenzangu, nilipoanza kazi hii nilidhani ninamsaidia nyanya kuondoa panya. Nilidhani pia kwamba kuheshimu kazi ya mtu aliyefariki ni kutoigusa. Nyanya ndiye aliyenionyesha kwamba babu aliutengeneza mlango ili chakula kiwe salama, na kwamba kuutoboa kwa ajili hiyo ni kuiendeleza kazi yake. Kama mna kitu kama hicho kwenu, msikikate kabla hamjakaa chini na mwenyewe mkamsikiliza. Na mkikikata, kipande msikitupe.

Jioni nyanya bado huupapasa mlango kabla ya kutia kufuli. Siku hizi huinama kidogo, akakisukuma kilango kwa kidole kuona kama kinacheza vizuri. Kisha huenda kulala.