Msilipige Rangi Gari la Mzee

Hebu nikuulize, msomaji. Kama nyumbani kwenu kungekuwa na gari lililonunuliwa jipya mwaka 1978, lenye rangi ile ile ya kiwandani, viti vile vile, redio ile ile ambayo sasa imenyamaza, na ambalo limetembea kilomita 58,000 tu tangu siku hiyo, mngelifanyia nini? Usiharakishe kujibu. Katika boma letu hapa Nyamasaria swali hilo limekwisha kuitisha mikutano mitatu ya familia, na katika mmoja wa mikutano hiyo ndugu zangu wawili waliondoka bila kugusa kuku.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile fupi ya watu watano, gia zake zikiwa pale kwenye usukani. Wewe uliye mwanafunzi huenda umeliona kwenye picha tu. Waulize wazazi wako. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kufika Nairobi upesi kutoka Kisumu alipanda Peugeot, ile ndefu ya abiria, akabanwa kiti cha nyuma kabisa akiwa na mzigo magotini, akaanza kusali kabla hawajafika Awasi. Watu walisema "Pijo", na neno hilo lilikuwa na maana mbili: mwendo wa kasi, na uwezekano wa kutofika.

Wamarekani wana yale wanayoyaita magari ya misuli: bodi ya gari la kawaida iliyotiwa injini kubwa ya silinda nane, yakanguruma barabarani miaka ya sitini. Hayakuzoeleka huku kwetu. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta magari ya Mercury Comet kutoka Marekani kushindana katika Safari Rally, yakiwa na nguvu za kutisha, lakini ni mawili tu yaliyomaliza. Mshindi alikuwa Ford Cortina, kigari cha Uingereza ambacho ungekiona kimeegeshwa nje ya shule yoyote. Barabara zetu zilikuwa na mizani yake ya kupima misuli. Peugeot 404 ilishinda mbio hizo mara nne, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Kwa hiyo mtu wa Nyamasaria aliyenunua 504 mwaka ule alijua alichokuwa akinunua, hata kama alikuwa karani wa reli asiye na nia ya kushindana na yeyote.

Karani huyo alikuwa baba yangu. Alilipia gari kwa mkopo, na labda kwa sababu hiyo alilitumia kama mtu anayetumia nguo ya Krismasi. Kazini alikwenda kwa baiskeli. Gari lilitoka Jumapili, siku za matanga, na usiku mtu akiugua. Kila alipotia mafuta aliandika katika daftari dogo lenye jalada la bluu: tarehe, lita, mita inasoma ngapi, na safari ilikuwa ya wapi. "Kakamega, harusi." "Siaya, mazishi." "Hospitali, mke wa jirani, saa nane usiku." Daftari hilo liko ndani ya gari hadi leo, na nitakueleza baadaye kwa nini lina thamani kuliko injini.

Baba alifariki mwaka 2009. Ufunguo ukabaki kwangu, binti, kwa kuwa ndugu zangu wako Nairobi na Mombasa nami ndiye ninayefundisha hapa karibu. Tena ni mimi niliyekuwa nikimshikia taa na spana tangu nikiwa darasa la tano.

Sasa sikiliza ugomvi ulivyoanza. Binti wa kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya kujiunga na chuo kikuu, na karo haikutosha. Wakati huo huo akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mtu mstaarabu, akalizunguka gari mara mbili, akalala chini na tochi akalitazama tumbo, kisha akataja bei. Sitaitaja hapa, ila ingemsomesha mtoto huyo miaka miwili. Kaka akasema tuuze. Mdogo wangu akasema la, tusiuze, bali tulitengeneze: tulikwangue, tulipige rangi mpya inayong'aa, tubadilishe viti, tutie rimu za kisasa, tulikodishe kwa maharusi kila Jumamosi. Hata fundi alikuwa amekwisha kumpata.

Nikapinga yote mawili. Na hapo ndipo mama, ambaye ana miaka 84 na hakuwa amesema neno, alipotugeukia. "Nyathina," aliniambia, "gari si jeneza. Kama ni la kufunikwa turubai tu, liuzeni mtoto asome."

Hebu fikiri msomaji, ungemjibu nini mama huyo?

Nilianza na ile habari ya rangi. Kwenye mlango wa dereva, pale dirisha linapoishia, kuna doa refu kama kiganja ambapo rangi nyeupe imelika hadi rangi ya kijivu ya chini ikaonekana. Hapo ndipo baba alipokuwa akiweka kiwiko cha mkono wa kulia, miaka thelathini. Fundi wa bodi hawezi kukibakiza kiwiko hicho. Msasa wa kwanza tu, kimekwenda. Gari linaweza kupigwa rangi mara kumi, lakini rangi ya kiwandani hutiwa mara moja.

Ndugu yangu alicheka, akasema hayo ni mambo ya moyo na hayalipi karo. Basi nikampa mambo ya mfuko. Mwaka 1974 mtu mmoja wa Marekani alinunua Ford Mustang ya mwaka 1968 iliyokwisha kutumika katika filamu ya Bullitt, ile ya Steve McQueen. Bei yake ilikuwa kama dola 6,000. Mkewe, mwalimu kama mimi, aliliendesha kwenda kazini. Baadaye wakaliegesha miaka mingi. McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akitaka kulinunua, wasimuuzie. Lilipopigwa mnada Januari 2020 lilikuwa na kutu, mikwaruzo na rangi iliyochakaa, na likauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.7. Kama wangelipiga rangi likang'aa, wangekuwa wamefuta ule ushahidi ambao wanunuzi waliugombania. Najua Peugeot yetu haikucheza filamu, na hakuna mtu wa kuja Nyamasaria na mamilioni ya dola. Lakini ona yule mnunuzi wa Nairobi alichotazama kwanza: raba za pedeli na lile daftari la bluu. Mita ya gari hurudishwa nyuma na kijana yeyote mwenye bisibisi. Raba ya breki isiyolika na daftari la miaka thelathini havidanganyi kwa urahisi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kwa kanuni za KEBS, gari lililotumika halipaswi kuingizwa nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Ukiliuza hili, au ukilikata ulifanye mapambo ya harusi, huwezi kuagiza mwenzake.

Ila mama alikuwa na haki yake. Gari lisilotembea hufa, na hufa upesi zaidi hapa kwetu karibu na ziwa. Nikueleze jinsi ninavyolitunza, huenda nawe una la babu limefichwa mahali.

Turubai la plastiki ndilo adui wa kwanza. Watu hulifunika gari wakidhani wanalihurumia, kumbe wamelifungia unyevu ndani, na kutu inakula usiku na mchana. Letu limo ndani ya banda la mabati lenye upepo pande mbili, limefunikwa shuka kuukuu za pamba. Matundu madogo yaliyo chini ya milango nayazibua kwa kijiti kila mwezi, kwani maji ya mvua yanayopita kwenye raba za dirisha hutokea hapo, na yakizibwa mlango unaozea kwa ndani huku nje ukimeremeta. Kuosha ni kwa maji na kitambaa laini. Dawa za kung'arisha zenye chembechembe sizigusi, maana kila ukisugua unaondoa rangi kidogo, na rangi ya tangu 1978 haina ziada ya kupoteza. Nta ya gari inatosha.

Panya ni habari nyingine. Baada ya mavuno ya mpunga upande wa Kano huja kwa makundi, nao hupenda nyaya kuliko mtu anavyopenda omena. Paka wawili wamenisaidia kuliko dawa zote za dukani.

Kisha injini. Majirani wengi huwasha gari la kuegeshwa dakika tano kila Jumamosi, wakaridhika. Hiyo ni kuliua polepole. Injini isipopata moto wa kutosha, maji yatokanayo na mvuke hubaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, yakaanza kutafuna chuma. Heri kuliwasha mara moja kwa mwezi, ukaliendesha mpaka lipate joto sawasawa. Mimi huenda Ahero na kurudi, kilomita zipatazo 35. Kwa mwaka ni kilomita 420 hivi, nazo siziiti hasara. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani hata gari likiwa limesimama, hivyo nayabadilisha kila baada ya miaka miwili. Tairi nazo huzeeka. Zile za kwanza zilikuwa bado na meno mazuri, lakini zilipasukapasuka ubavuni kama kisigino cha mkulima. Hizo sikuzihifadhi garini. Kuhifadhi alama si kuhifadhi hatari, na breki, tairi na mipira ya mafuta ni vitu ambavyo lazima viwe vipya. Vile vya zamani nimeviweka kwenye sanduku, vimeandikwa tarehe.

Na mafuriko je? Anayeijua Nyamasaria hahitaji kuambiwa. Udongo wetu mweusi haunywi maji, na mto ukifura huja mpaka mlangoni. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda na kupita kidogo rekodi ya mwaka 1964, tuliliondoa gari usiku tukaliegesha kwa jamaa aliyejenga upande wa mlimani. Tangu hapo sakafu ya banda tumeiinua kwa mawe, futi mbili na nusu.

Mkutano wa tatu uliamua hivi. Gari halipigwi rangi. Haliuzwi mwaka huu. Lakini ndugu zangu walitoa sharti, na kusema kweli lilikuwa sharti la haki: anayekataa kuuza achangie karo. Hivyo nusu ya upungufu wa yule binti hutoka kwenye mshahara wangu wa ualimu, kila muhula. Kiasi hicho hakisikiki kidogo, na kuna miezi ninapokata vocha ya mafuta ya Ahero na kujiuliza kama mnunuzi wa Nairobi bado ana ile namba yangu. Mdogo wangu, yule wa rimu za kisasa, analipia bima. Kaka hajasema kitu kuhusu tairi, ila nasikia amekuwa akiulizia za inchi 14 huko Mombasa.

Mama naye alitoa sharti lake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ile safari ya kulipasha gari moto ipitie kanisani, yeye akae mbele. Tumekwisha kwenda mara saba. Anapopanda hulichukua lile daftari la bluu, huvaa miwani, na kuniambia niandike: tarehe, lita, mita inasoma ngapi, na "Kanisani, Mama."