Friwili

Nyuma ya gereji ya binamu yangu hapa Kitale, chini ya turubai, kuna fremu ya helikopta. Shangazi anadhani ni geti la mteja.

Wazimu ulimwanza Mei 2016, uwanja wa Posta, Bungoma, siku helikopta iliyobeba mwili wa Jacob Juma ilipopaa na kijana akining'inia chini yake. Umati mzima ulimtazama kijana. Binamu alitazama mapanga.

Juzi ameniomba nimchangie injini. Nikamuuliza, ikizima ukiwa juu je?

"Ni friwili tu, bro."

Na hajakosea. Injini ikizima, helikopta haianguki kama jiwe. Kuna klachi inayoiachilia rota izunguke yenyewe, kama gurudumu la Black Mamba ukiacha kukanyaga pedali. Rubani anashusha liva mara moja, mapanga yanalala, na hewa inayopita kutoka chini inaendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi anavuta liva tena, anatua.

Shida ni muda. Hizi ndogo zinazouzwa vipande vipande uunge mwenyewe, kama Mosquito iliyobuniwa Canada, mapanga yake ni mepesi. Ukishangaa sekunde moja au mbili, kasi imeisha, na huwezi kuirudisha. Tena ukiwa umesimama tuli hewani, mita ishirini hivi, huna mteremko wa kufanyia friwili. Uko chini mno kujiokoa na juu mno kuanguka salama. Yeye anasema atajaribia hapo hapo, "chini chini kwanza."

Halafu kuna injini yenyewe. Mosquito ndogo hutumia ya mipigo miwili, ndugu ya pawa-so, kama nguvu-farasi 60. Mafuta yakipungua kidogo au joto likizidi, inanoki bila kukuaga. Ya Boxer aliyoitaka kwanza haifiki hata 15 (hiyo ilinipa amani, haingenyanyua kitu). Na Kitale tuko karibu mita 1,900: hewa ni nyepesi, injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake.

Nilimweleza haya yote. Alisikiza vizuri, akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akauliza mapanga mazito yanapatikana wapi.

Pesa bado ziko kwa M-Pesa yangu. Jana shangazi alinipigia, akaniuliza yule mteja wa geti atakuja lini.