Difu Inayosingiziwa

"Fundi, difu ya mbele inalia." Fundi anayesimuliwa hapa aliisikia kauli hiyo kuliko nyingine yoyote katika maisha yake ya ufundi pale Unga Limited, Arusha, hasa wakati wa kiangazi, magari ya utalii yanaporudi kutoka Serengeti vumbi likiwa limeingia hadi ndani ya taa. Dereva huisema kwa uhakika wote. Sauti ameisikia mbele, chini, na huko mbele chini pana difu.

Yeye hakukubali upesi. Chuma husafirisha sauti. Beringi ya gurudumu la kushoto ikianza kulika, mvumo wake hupita kwenye ekseli, ukapanda springi, ukaingia kwenye chesi, na aliyeshika usukani hana namna ya kujua ulianzia wapi. Propela iliyopinda kidogo, krosi iliyokauka grisi, tairi lililolika upande mmoja: vyote hutoa mvumo unaofanana. Difu hubebeshwa lawama kwa sababu ni kubwa, iko katikati na ni ghali.

Alianzia kwenye Land Rover. Alipokuwa kijana wa kushika spana na kuosha vyuma kwa dizeli, gereji aliyofunzwa ilijaa Land Rover 110, gari lililotoka mwaka 1983 likiwa na springi za koili na, kwa sehemu kubwa, fowili ya kudumu. Kwenye gari la namna hiyo difu ya mbele inafanya kazi saa zote. Mzee aliyemfundisha alikuwa akifungua propela ya mbele, bolti nne kila upande, anailaza benchini, anaweka loki ya difu ya kati, kisha wanatoka barabarani gari likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Loki hiyo ni lazima. Bila yake nguvu yote hukimbilia kule propela ilikotolewa na gari halisogei. Sauti ikipotea, basi kosa liko kwenye propela yenyewe au kwenye difu inapobeba mzigo. Ikibaki vilevile, mzee alikuwa akisema, "Haya dogo, tuanze na magurudumu."

Kwa mzee yule, difu haikushushwa mpaka kila kinachozunguka kimechunguzwa. Fundi alibaki na utaratibu huo hadi alipofungua gereji yake.

Kisha Land Cruiser zikazidi kuonekana mjini, zile za namba 70, na hasa HZJ75 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Waandaaji wa safari walizirefusha chesi na kuzikata paa ili mgeni asimame kutazama simba. Hizi zilikuwa na fowili ya kuingiza inapohitajika, na habu za mbele za kufunga kwa mkono. Kwa mtu wa kazi yake, habu zile zilikuwa neema. Propela haikuwa na haja ya kufunguliwa tena.

Jaribio lilikwenda hivi. Kwanza habu zinaachwa huru na gia ya transfa inakaa H2, fowili ikiwa haijaingizwa. Hapo magurudumu ya mbele yanazunguka juu ya beringi zake tu. Shafti za ndani, difu na propela ya mbele vimetulia. Sauti ikisikika katika hali hiyo, difu ya mbele haina kesi ya kujibu. Baadaye habu zinafungwa, transfa ikibaki H2: sasa difu na propela vinazunguka bila mzigo. Mwisho, kwenye barabara ya vumbi, anaingiza H4, yaani fowili, anakanyaga mafuta, anaachia, anakanyaga tena. Sauti inayokuja ukikanyaga na kukatika ukiachia huelekeza kwenye meno ya krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu. Inayoendelea tu, mzigo uwepo usiwepo, mara nyingi ni beringi.

Mwendo wa sauti nao unasema mengi, na hili alipenda kuwaandikia vijana wake kwa chaki ukutani. Tairi la 7.50R16 likizunguka mara moja gari husogea karibu mita 2.5. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 400 kwa dakika. Krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9 zina uwiano wa 4.11, hivyo pinioni inazunguka zaidi ya mara 1,600 katika dakika hiyo hiyo. Mngurumo mzito wa polepole utautafuta kwenye magurudumu. Mlio mwembamba, wa haraka, utautafuta kwenye pinioni au propela.

Kwa beringi za magurudumu aliyumbisha gari kushoto na kulia katika mwendo wa wastani. Likikata kulia uzito huhamia kushoto. Mvumo ukipanda, beringi ya kushoto inashukiwa. Gari likishainuliwa kwa jeki, alishika tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza, kijana alikanyaga breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni za kingipini. Jambo la sekunde chache, na bado limeokoa difu nyingi zisifunguliwe bure.

Wapo pia waliolalamikia kitu ambacho si ubovu. Dereva ametoka njia mbaya, ameingia lami, amesahau kutoa H4. Akikata kona kali kituo cha mafuta gari linakaza kama limeshikwa breki, kisha linagonga kwa kishindo. Land Cruiser hizo hazina difu ya kati, na kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Vyuma vinajikaza mpaka tairi liteleze.

Lakini kuna siku difu kweli inaumwa. HZJ75 moja ililetwa ikitokea Ziwa Natron, njia ya Engare Sero, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa mahali pengine anunue difu nzima ya mtumba. Habu huru, kimya. Habu zimefungwa, mlio mwembamba ukaja, ukaendelea hata mafuta yalipoachiwa. Fundi akafungua nati ya kujazia mafuta, akaingiza kidole, hakikugusa kitu. Kwenye goti la gurudumu la kulia grisi ilikuwa imelainika, inachuruzika chini kama uji mwepesi. Sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imekufa, na mafuta ya difu yalihamia kwenye goti yakaiosha grisi ya kiungo cha sivi. Machache yaliyobaki difuni yalitoka na rangi ya maziwa.

Maji yaliingiaje? Akapapasa juu ya ekseli akakuta kipumulio kimezibwa na tope. Ekseli iliyopata moto ikizama ghafla kwenye mto, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, na kipumulio kikiwa kimeziba huvuta maji kupitia sili.

Krauni na pinioni zilikuwa na meno mazima, namba zake zikilingana, maana viwili hivyo husagwa pamoja kiwandani na havitenganishwi. Kilichokufa ni beringi ya pinioni ya upande wa flanji, ambayo hutegemea mafuta yanayorushwa na krauni na ndiyo hukaukiwa mapema. Aliweka beringi mpya na sili mpya, akakaza nati ya pinioni kidogo kidogo huku akipima ugumu wa kuizungusha, akarudisha plei ya krauni kati ya milimita 0.15 na 0.20, akapaka meno rangi ya njano na kusoma alama ilipoangukia: katikati ya jino. Mwisho akaunga mpira kwenye kipumulio na kuupandisha hadi chumba cha injini.

Bili ilizua mabishano. Mwenye gari alilipa spea na kazi ya kufunga bila neno, ila mstari wa "kupima barabarani" aliupinga, kwa kuwa hakuona kilichobadilishwa. Fundi hakuufuta. Alimketisha, akamweleza kwamba mstari huo ndio uliofanya difu ya mtumba isinunuliwe, na kwamba difu hiyo, ikifungwa na kipumulio kilekile kilichoziba, ingefika Natron na kuvuta maji yaleyale. Mteja akalipa, akaomba magari yake mengine mawili yaongezwe mpira wa kipumulio kabla ya mvua za masika.