Daftari la Mama

Wahenga walisema kuwa mbuyu ulianza kama mchicha. Maneno haya niliyasikia mara nyingi utotoni, lakini maana yake sikuifahamu vyema mpaka nilipoandika programu yangu ya kwanza ya kompyuta. Haikuwa kubwa, mistari yake haikupita arobaini. Wala haikuandikwa kwa ajili ya sifa au fedha. Iliandikwa kwa sababu mama yangu aliuza mahamri na mbaazi kila alfajiri katika mtaa wetu wa Mombasa, na madeni ya wateja yalimkosesha usingizi.

Mama aliandika madeni hayo katika daftari lililolowa mafuta hata kurasa zake zikashikana. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nami nilijiona mjuzi kuliko daftari. Mjomba alikuwa na kompyuta kuukuu. Kwa majuma mawili niliketi mbele yake kila jioni, nikaiandikia maagizo ya kujumlisha mahamri yaliyokopwa na kutoa fedha zilizolipwa. Siku ilipotoa jumla sahihi, furaha yangu haikuwa na kifani.

Furaha hiyo haikudumu. Juma lililofuata mama alimdai jirani mmoja fedha kwa kuifuata orodha yangu, naye jirani alikuwa amekwisha kulipa deni lake lote. Alikuwa mtu mwaminifu, akaona haya mbele ya wateja wengine. Aliondoka bila ya kusema neno, akayaacha mahamri yake juu ya meza.

Usiku ule nililitafuta kosa nikaliona. Mtaani walikuwapo wanawake wawili wenye jina moja. Mama aliwapambanua kwa alama: mmoja alimchorea duara, maana alikaa karibu na kisima, wa pili alimchorea mwezi, maana alikaa nyuma ya msikiti. Programu yangu haikujua kisima wala msikiti. Ilijua jina tu, basi ikazitia hesabu zao katika fungu moja, na deni la mmoja likamwangukia mwenziwe.

Mama hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ungaliniuliza ningalikwambia. Nenda ukamtake radhi."

Nilikwenda. Kutoka kwetu hata kwake hazikuwa hatua mia, lakini sijapata kutembea njia ndefu kuliko ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umekiri, mwanangu, yamekwisha. Lakini hesabu ya watu si hesabu ya kokoto."

Tangu siku ile kila mteja alipewa namba yake, na kila nilipobadili jambo katika programu, niliijaribu kwanza kwa hesabu ambazo majibu yake niliyajua tayari. Zaidi ya hayo, nilijifunza kuuliza kabla ya kuunda.

Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na mama alikuwa akipanda ngazi kutazama tangi lililo juu ya nyumba. Nilitaka kumtengenezea taa ya kumwonya maji yakikaribia kwisha. Safari hii nilimwuliza kwanza. Akacheka, akasema, "Taa nitaitazama saa ngapi, nami mikono yangu imo katika unga? Nipe sauti." Basi nilijifunza kulehemu nyaya kwa fundi wa redio, na chupa tupu ya plastiki nikaifanya boya. Maji yakipungua, boya hushuka na kuvuta swichi. Programu hungoja kidogo ili isidanganywe na mawimbi ya tangini, ndipo kengele hulia. Mara tatu ilishindwa. Mara ya nne ililia, na mama hakupanda ngazi tena. Leo ninapata riziki yangu kwa kuunda vyombo vya namna hiyo, na kila kimoja ni mjukuu wa daftari lile.

Sikuwa wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, alitangaza kuwa anaunda mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Mfumo huo ni Linux, na kiini chake kimo katika simu zote za Android. Hapa kwetu, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wachache waliunda kwa siku chache programu ya Ushahidi, ili habari za wananchi zikusanywe na kuonyeshwa katika ramani. Kutoka kwa kundi hilo kilizaliwa baadaye chombo kiitwacho BRCK, cha kuwapatia watu intaneti hata mahali ambapo umeme hukatika.

Msomaji kijana, usingoje kazi kubwa ili uanze. Tazama nyumbani kwenu: ni nani apandaye ngazi bila ya haja, na ni nani akosaye usingizi kwa hesabu? Mwulize, kisha umsikilize. Mkono hujifunza kwa kutenda, lakini kazi ya mkono hupata thamani kwa yule inayemtua mzigo.